Mgeni wa Bara Katika Fuo za Malindi

Watu wengi wa bara huijua bahari kwa kuisikia tu. Wameisoma katika vitabu vya shule, wameiona katika picha ya kalenda iliyotundikwa ukutani mwa ofisi, na chumvi yake wanaila kila siku, kwa maana chumvi nyingi ya Kenya hukaushwa huko Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Lakini miguu yao haijapata kukanyaga mchanga wake. Mkulima husema kwamba safari ya Pwani ni anasa ya matajiri na ya wageni watokao Ulaya. Karani naye husema kwamba likizo yake yote hupita katika kujenga nyumba na kupalilia shamba la mama yake. Maneno hayo si mabaya. Ila mtu asiyeiona nchi yake hata mwisho wake hawezi kujua jinsi sehemu moja inavyoigusa sehemu nyingine, na ni mahali pachache panapofundisha jambo hilo waziwazi kama Malindi.

Mji huo uko yapata kilomita 120 kaskazini ya Mombasa. Atokaye Nairobi aweza kupanda treni ya reli mpya, iliyoanza kazi mwaka 2017, hata Miritini, kisha akaendelea kwa basi au matatu kupitia Mtwapa na Kilifi. Wazee wangali wakikumbuka siku ambazo magari yalipanga foleni kungoja kivuko katika hori ya Kilifi. Tangu mwaka 1991 pana daraja, na msafiri huvuka akiyatazama maji yaliyo chini sana bila hata kushuka garini.

SAA ZA BAHARI

Jambo la kwanza la kujifunza si kuogelea, bali ni kusoma saa za bahari. Bara mtu hutazama jua. Pwani hutazama jua na mwezi pamoja. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa siku moja na zaidi kidogo, na kwa hivyo saa ya kujaa husogea mbele kadiri ya dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja maji ya bamvua: bahari hupanda sana na kushuka sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4, yaani zaidi ya kimo cha watu wawili. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Mambo hayo si elimu ya mabaharia peke yao. Mgeni hufika asubuhi akakuta bahari imekimbia mbali, na mwamba umebaki mkavu wenye vidimbwi vilivyojaa samaki wadogo, kaa na konokono. Hufurahi, akawashika watoto mikono, akatembea hata ukingo wa mwamba. Hajui kwamba maji yanaporudi hayaji yote kwa mbele kama mtu abishaye hodi mlangoni. Hupita kwanza katika mifereji na mabonde yaliyo baina ya mwamba na nchi kavu, yakamzunguka mtu kwa nyuma. Agekapo kurudi huona mahali alipopita kwa miguu mikavu pana maji ya kifuani, tena yana mkondo. Bahari haikumfanyia hila; yeye ndiye aliyekuja bila kuuliza saa.

Basi heri kuuliza. Pwani hakuna aibu katika kuuliza, wala mvuvi hamcheki mgeni aanzaye kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Maji leo yaanza kujaa saa ngapi?" Ataitikia marahaba, atautazama mwamba, naye atamjibu. Na akisema, "Mwanangu, leo usende mbali na watoto," neno hilo lisidharauliwe.

Pepo nazo zina majira yake. Kusi huvuma tangu yapata mwezi wa Aprili hata Septemba, na bahari huwa na mawimbi makubwa. Kaskazi huvuma tangu mwisho wa mwaka hata Machi, na siku nyingi za wakati huo bahari hutulia, vyombo vikatoka kwa wingi. Mgeni asiyejua kuogelea na aoge mahali wenyeji wanapooga, wala asimwache mtoto peke yake hata kama maji ni ya magotini.

KUTEMBEA KANDO YA GHUBA

Matembezi mazuri ya siku ya kwanza hayahitaji gari. Katika mji wa kale upo Msikiti wa Juma, na kando yake yamesimama makaburi ya nguzo ya karne nyingi zilizopita, ishara ya kwamba Malindi ilikuwa mji wa watu wastaarabu kabla meli ya Ulaya haijaonekana. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa China kuwa zawadi kwa mfalme wa nchi ile, na habari hiyo peke yake yatosha kuonyesha jinsi watu wa hapa walivyojuana na walimwengu.

Kusini ya hapo, juu ya rasi ya mawe iingiayo baharini, upo mnara mweupe wa Vasco da Gama. Mreno huyo alifika Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, baada ya kutopatana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi alimpokea vema, akampatia rubani aliyejua njia ya Bara Hindi, na mwezi uliofuata meli zake zilitia nanga karibu na Calicut. Wareno walisimamisha msalaba wa jiwe lililochongwa Ureno kuwa ukumbusho, na ndio unaoonekana juu ya mnara ule. Karibu na pwani lipo pia kanisa dogo la Wareno lenye makaburi. Francis Xavier, mmisionari mashuhuri, alipita Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda Goa. Lakini urafiki wa Wareno haukudumisha ukubwa wa mji. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, wakahamisha nguvu zao huko pamoja na mfalme wa Malindi, na mji uliowapokea ukapungukiwa na watu na biashara. Mwenye kusimama pale rasini aweza kuwaza kwamba mgeni huweza kuleta sifa, na vilevile huweza kuondoka nayo.

Kutoka hapo mtu aweza kuendelea kusini kwa miguu kando ya maji mpaka Casuarina, mahali palipopata jina lake kwa mivinje. Njiani kuna mahoteli na nyumba zenye kuta ndefu, na mgeni aliyevaa viatu vyenye vumbi la safari huenda akaona haya akidhani kwamba ufuo nao ni mali ya wenye kuta. Sivyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema wazi kwamba ardhi iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mchanga wa hapo ni wa mkulima wa Meru kama ulivyo wa mwenye hoteli. Haki hiyo ina wajibu wake: asiache chupa wala makaratasi, na apitapo mjini avae nguo za heshima, kwa sababu hapo ni makao ya watu walio na misikiti na watoto wao.

Huko Casuarina ndipo ilipo njia ya kuingilia Hifadhi ya Bahari ya Malindi. Hifadhi hii, pamoja na ile ya Watamu, iliwekwa mwaka 1968, na zote mbili ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za namna yake katika Afrika. Ndani yake samaki havuliwi wala kombe haziokotwi. Mgeni hulipa kiingilio, akapanda mashua yenye kioo chini, akatazama kwa mara ya kwanza bustani isiyopandwa na mtu: matumbawe yenye umbo la ubongo, mengine kama pembe za kulungu, na samaki wa rangi ya manjano, buluu na zambarau wakipita katikati yake kama kuku uani. Wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Ni nyumba iliyojengwa na viumbe wadogo sana, kizazi juu ya kizazi. Ukikanyaga tawi moja kwa kisigino, waweza kuvunja kwa nukta moja kazi ya miaka mingi.

MTO UNAOBEBA MASHAMBA

Siku ya pili yafaa kwenda upande wa kaskazini, kilomita chache tu, hata mlango wa mto Sabaki. Hapo hapana mahoteli mengi wala viti vya kukodi. Pana vilima vya mchanga vinavyohamishwa na upepo, matope mapana na viboko mtoni. Ndege wa majini hukusanyika kwa mamia. Wengine ni heroe wenye miguu mirefu, wengine ni ndege wadogo waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, nao hukaa hapa mpaka kaskazi ikaribiapo kwisha. Mwenye kupenda kutazama bila kusema aweza kukaa hapo mchana kutwa.

Lakini mkulima hataangalia ndege kwa muda mrefu. Ataangalia maji. Baada ya mvua kunyesha bara, Sabaki huwa na rangi ya chai ya maziwa, na rangi ile huingia baharini ikaenea mbali, hata mpaka baina ya maji ya mto na maji ya bahari huonekana kama mstari uliochorwa. Wakati wa kaskazi pepo na mikondo huusukuma upande wa kusini, ukaingia katika ghuba ya Malindi yenyewe. Ndiyo sababu mgeni ajaye mwezi wa Desemba akitarajia maji ya buluu aliyoyaona katika kalenda, mara nyingine huyakuta ya kahawia mbele ya mji, akalazimika kwenda Watamu kuyatafuta.

Tuseme mkulima wa Machakos amesimama ukingoni na mvuvi mzee.

"Shikamoo, mzee. Mbona bahari ya hapa ni nyekundu?"

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Machakos, mzee."

"Basi usiniulize mimi. Hiyo si bahari, ni nchi ya kwenu inayopita."

Na mzee huyo atakuwa amesema kweli kabisa. Mto uitwao Sabaki kwa majirani wa bahari ndio uitwao Galana ukipita Tsavo, na ndio uitwao Athi ukiwa juu. Maji yake hutoka katika vilima vya Ngong na miteremko ya Kiambu, hupokea mto wa Nairobi pamoja na taka zake, huzunguka nchi ya Ukambani, hukutana na mto Tsavo, ndipo hushuka hata Malindi. Udongo wa juu uliokombwa na mvua katika shamba lisilo na matuta, na katika njia ya ng'ombe isiyo na majani, safari yake huishia hapo. Mwenye shamba alidhani umepotea. Haukupotea, umehamia mahali ambapo hauwezi kuotesha hata mche mmoja wa mahindi.

Jambo hili si la kukisia. Matumbawe ya namna fulani huongeza tabaka kila mwaka, kama mti unavyoongeza pete zake, na katika kila tabaka hubaki alama ya maji ya mwaka ule. Mwaka 2007 wataalamu walitoa habari za tumbawe moja la Malindi lenye umri wa yapata miaka 300. Walipima ndani yake madini ya bariamu, ambayo huletwa baharini na udongo wa mto. Waliona kwamba tangu mwaka 1700 hata 1900 udongo ulioshuka ulikuwa karibu kiasi kilekile, lakini tangu mwanzo wa karne ya 20 ukaanza kuongezeka na kuendelea kuongezeka, kwa kadiri ardhi ya bara ilivyozidi kulimwa na kukanyagwa. Hivyo bahari ilikuwa ikiandika daftari la mashamba ya bara, mwaka kwa mwaka, na wenye mashamba hawakujua kwamba hesabu yao inawekwa.

Hasara yake ni ya namna mbili. Ile ya bara kila mkulima aijua: gunia lililopungua, kisima kilichokauka upesi, mfereji ulioanza kama alama ya fimbo ukawa korongo la kumeza ndama. Ile ya Pwani haijulikani sana. Tumbawe huhitaji mwanga wa jua, kwa sababu ndani ya mwili wake mna mimea midogo sana inayolilisha. Maji yakiwa na tope muda mrefu mwanga hupungua, na udongo ukitua juu yake hulisonga. Matumbawe ya Malindi yamekwisha pata taabu nyingine, kwa maana mwaka 1998 joto la bahari lilizidi mno, sehemu kubwa yakageuka meupe na kufa. Yaliyobaki, na yale yanayoota upya, hayahitaji mzigo juu ya mzigo. Mwamba ukidhoofika, samaki hukosa makao, na mvuvi atokaye alfajiri na ngalawa yake hurudi na kapu jepesi. Hivyo mkulima asiyechimba tuta huko mlimani huenda akapunguza kitoweo cha mtu asiyemjua.

SHIMO LA MARAFA

Mwenye nafasi ya siku ya tatu na aende Marafa, ndani kidogo kutoka Malindi. Huko kuna bonde kubwa ambalo wenyeji huliita Nyari. Ardhi imepasuka na kulika ikabaki minara na kuta kali za mchanga mgumu, nyeupe, za waridi, za machungwa na nyekundu kama damu. Jioni, jua linapoinama, rangi zile huwaka hata mtu akakaa kimya. Wenyeji husimulia kwamba zamani hapo palikuwa na watu matajiri mno, waliojivuna kwa wingi wa ng'ombe wao hata wakaoga maziwa. Mungu akachukizwa, ardhi ikawameza, na weupe na wekundu wa kuta ndio maziwa na damu yao.

Wenye elimu ya ardhi husema kwamba kazi ile ni ya mvua na upepo, vilivyokula mchanga kidogo kidogo kwa muda mrefu sana. Lakini hadithi ya wazee na maneno ya wataalamu hayapigani. Zote mbili zasema kwamba ardhi ina mwisho wa uvumilivu wake. Marafa ni pazuri kwa sababu hakuna aliyekuwa akilitegemea kwa chakula. Shamba likifika hali ile, hakuna mgeni atakayelipa kiingilio kulitazama.

MSITU WENYE FAIDA

Wakati wa kurudi, msafiri asipite Gede bila kushuka. Ni yapata kilomita 16 kusini ya Malindi. Hapo mna magofu ya mji wa mawe wa Waswahili, wenye jumba la mfalme, misikiti, visima na vyoo, ambao wenyewe waliuacha kabisa mwanzoni mwa karne ya 17. Serikali iliulinda tangu mwaka 1927, James Kirkman akaanza kuuchimbua mwaka 1948, na vyombo vya udongo vya China vikaonekana katika kifusi. Mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Jirani yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Ndani yake hukaa bundi mdogo wa Sokoke na sange mwenye nyonga za rangi ya dhahabu. Kwa miaka mingi wakulima waliopakana nao waliuona kuwa adui: ndovu na nyani walitoka humo kuharibu mazao, na ardhi yake ilitamaniwa kwa kulima. Mwaka 1993 ulianzishwa huko Gede mradi uitwao Kipepeo. Wakulima walifundishwa kufuga vipepeo wa msituni hata wafikie hali ya kujifunga, kisha huuzwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho. Mkulima akaanza kupata fedha kwa mdudu ambaye bila msitu hawezi kuwapo. Mahali pengine kando ya hori ya Mida, ada wanazolipa wageni kupita juu ya daraja la mbao katikati ya mikoko husaidia karo za watoto wa shule. Msitu uliolindwa kwa askari tu hulindwa mchana. Uliolindwa kwa faida hulindwa na jirani hata usiku.

ZAWADI YA KUPELEKA NYUMBANI

Mgeni akaribiapo kuondoka, watoto hutaka kubeba kombe na vipande vya matumbawe. Wakatazwe kwa upole. Wabebe kahawa tungu katika kumbukumbu, ladha ya wali wa nazi na samaki wa kupaka, na maji ya dafu lililokatwa mbele yao.

Mkulima yeye abebe jambo lingine. Vilima vya Machakos vilihesabiwa katika miaka ya 1930 kuwa nchi iliyokwisha haribika. Matuta ya kulazimishwa watu waliyachukia, na si ajabu. Lakini baadaye, walipoona faida kwa macho yao, wakayachimba kwa majembe yao wenyewe na kwa vikundi vya mwethya, wakaeneza tuta la fanya juu kilima baada ya kilima, hata leo msafiri apitaye hushangaa. Kazi hiyo haijakwisha. Kila bonde linaloingia Athi lina mteremko mmoja uliosahauliwa, na kila mvua hupeleka habari zake Malindi.

Basi siku mkulima huyo atakapokuwa akiinua udongo juu ya tuta lake, na jirani akamwuliza kwa nini anajitaabisha mvua ikiwa bado, atamjibu kwamba yuko mzee mmoja Malindi, amesimama na ngalawa yake, naye anaitazama rangi ya maji.